Mpini wa Mashine ya Viatu

Msomaji wangu, kabla hujaendelea mbele, tazama kidogo miguuni mwako. Ikiwa umeketi darasani, yamkini umevaa viatu vyeusi vya ngozi, na yamkini asubuhi ya leo uliviondoa vumbi, ukavipaka rangi, ukavisugua mpaka vikang'aa, kwa maana mwalimu wa zamu hana msamaha kwa kiatu kichafu. Kazi hiyo ilikuchukua dakika chache tu, na huenda hukuifikiria hata mara moja. Walakini kazi ndogo kama hiyo ina historia ndefu. Imepita katika mikono ya watoto maskini wa London, ya askari, na ya watumishi wa nyumba za masetla. Imewashughulisha wavumbuzi waliotaka kuiachia mashine. Na ndani yake limo swali ambalo watu wa mashamba ya chai ya Kericho na Bomet wanaulizana kwa uchungu mpaka leo. Swali lenyewe ni hili: mashine ikija kufanya kazi ya mkono, ni nani atakayeshika mpini wake, na faida yake itamfikia nani?

Tuanze na mng'ao wenyewe, kwa kuwa huwezi kuielewa mashine kabla ya kuielewa kazi yake. Ngozi ya kiatu, hata ionekane laini namna gani, ina vishimo na mikwaruzo midogo isiyohesabika. Mwanga ukiiangukia hutawanyika huku na huku, na ngozi huonekana imefifia. Rangi ya viatu tunayoinunua katika kopo ni mchanganyiko wa nta, mafuta mepesi kama tapentaini, na rangi yenyewe. Nta moja iliyo bora kwa kazi hii ni ya karnauba, itokayo katika majani ya mtende uotao Brazili, nayo ni ngumu kuliko nta ya nyuki. Ukiisha kupaka, tapentaini hugeuka mvuke ikaenda zake, na nta husalia. Kisha ukisugua kwa brashi, msuguano huleta joto. Joto huilainisha nta. Nta huvijaza vile vishimo, na uso wa ngozi huwa sawa kama maji yaliyotulia. Mwanga ukiangukia uso ulio sawa hurudi kwa mpango mmoja, nasi husema kiatu kinang'aa. Kumbe siri ya mng'ao si rangi peke yake, bali ni kusugua kwingi, kwa haraka, na bila kukandamiza mno.

Hapo ndipo wavumbuzi walipopata wazo lao. Ikiwa kinachotakiwa ni brashi kupita juu ya ngozi mara nyingi kwa haraka, kwa nini mkono uende mbele na nyuma kama msumeno, hali gurudumu linaweza kuzunguka bila kusimama? Katika karne ya 19, watu wa Ulaya na Marekani waliandikisha serikalini mashine za namna nyingi za kusafisha na kung'arisha viatu. Iliyo nyepesi kuifahamu ni ile ya kuzungushwa kwa mkono. Chukua brashi ya mviringo, uitie katika mhimili wa chuma. Mwishoni mwa mhimili tia gurudumu dogo lenye meno 12, ulikutanishe na gurudumu kubwa lenye meno 60, na kwenye gurudumu kubwa ufunge mpini wa kuzungushia, kama ule wa cherehani cha mkono. Kila ukizungusha mpini mara 1, brashi huzunguka mara 5. Mtu akizungusha mara 40 kwa dakika, na hiyo si kazi ya kumtoa jasho, brashi itazunguka mara 200. Mkono wa kulia huzungusha, wa kushoto hushika kiatu na kukigeuzageuza chini ya brashi. Ni kanuni ile ile ya baiskeli: mwendo wa polepole wa mwanadamu hugeuzwa kuwa mwendo wa kasi wa chuma.

Je, mashine hiyo iliushinda mkono? Jibu litakuja mahali pake. Kwanza ni lazima tuitazame hiyo mikono yenyewe, ilikuwa ya nani na ilimfanyia nani kazi.

Mwaka 1824, mjini London, mtoto wa miaka 12 aliingizwa kazini katika kiwanda cha rangi ya viatu cha Warren, karibu na mto Thames. Baba yake alifungwa gerezani kwa sababu ya deni, na mtoto hakuwa na budi kujitafutia riziki. Kutwa nzima alifunika vichupa vya rangi kwa karatasi, akavifunga kwa uzi, na kuvibandika vibandiko, kwa ujira wa shilingi 6 hivi kwa juma. Mtoto huyo alikuwa Charles Dickens, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri kuliko wengi wa Uingereza. Aliona haya juu ya siku zile, na kwa miaka mingi hakuzizungumza ila kwa rafiki mmoja au wawili. Lakini watoto wanaoteseka kazini wamejaa katika vitabu vyake. Basi bwana wa London aliyepita barabarani na buti zinazometa hakujua kuwa sehemu ya mng'ao ule ilitoka katika vidole vya mtoto.

Miaka 14 baadaye, yaani mwaka 1838, Mfaransa aitwaye Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris kutoka dirisha la juu. Upigaji picha ulikuwa ungali mchanga, na kamera ilihitaji dakika kadhaa ili ishike picha moja. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa wote walikuwa katika mwendo, hakuna hata mmoja aliyeonekana. Alionekana mtu mmoja tu aliyesimama kimya pembezoni, mguu wake mmoja umeinuliwa. Alikuwa akisafishiwa viatu. Inasadikiwa kuwa yeye na aliyemsafishia ndio wanadamu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera. Lakini tazama ajabu hii, msomaji: aliyesimama aonekana wazi, na aliyeinama akimfanyia kazi aonekana kama kivuli, kwa sababu mikono yake haikutulia. Majina ya wote wawili hayajulikani.

Mwaka 1851 Waingereza walifanya Maonyesho Makuu mjini London, wakakusanya mashine na bidhaa kutoka pembe zote za dunia. Wageni walikuwa maelfu, na barabara za London zilikuwa na tope na mavi ya farasi. Hapo chama kilichosimamia shule za watoto maskini kiliunda kikosi cha wavulana wa kusafisha viatu, kikawavika sare na kuwapanga katika njia kuu. Sehemu ya mapato yao walipewa mkononi, nyingine iliwekwa akiba, nyingine ikakisaidia kikosi. Ndani ya jumba la maonyesho watu walistaajabia mashine za mvuke, na nje ya jumba mtoto aliye na brashi alipiga magoti. Zama za mashine hazikumwondoa mwenye brashi, bali zilimletea wateja.

Sasa tuuvuke bahari, tuje kwetu Afrika ya Mashariki. Katika miji ya Waswahili ya pwani, kiatu kilikuwa alama ya uungwana. Waungwana walivaa makubadhi ya ngozi, mengine yamepambwa kwa ustadi mkubwa. Na kwa desturi mtumwa alikwenda miguu mitupu, hata jua likichoma mchanga. Utumwa ulifutwa kwa sheria kisiwani Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo watu waliokuwa watumwa walijitahidi kuvaa mavazi waliyokatazwa zamani, na viatu vilikuwa miongoni mwake. Kwa mtu ambaye wazee wake hawakuruhusiwa kuvaa viatu, kuweka mguu ndani ya kiatu hakukuwa pambo tu. Kulikuwa ni kutangaza kwamba sasa yeye ni mwenye nafsi yake.

Huku bara, katika vilima vya Wakipsigis, watu walikata ndara za ngozi ya ng'ombe kwa safari za mbali, na kwa kazi za kila siku wakatembea miguu mitupu juu ya nyasi. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipita kaskazini ya nchi yao, na nyuma ya reli wakaja masetla. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi ya Kericho kiasi cha eka 25,000, ikawagawia maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, nao wakafilisika. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai katika nchi hiyo yenye mvua na baridi. Hivyo vilima vikavaa zulia la kijani ulionalo leo. Lakini wenye ardhi wa asili walisukumwa pembeni, na wengi wakarudi juu ya ardhi ile ile kama vibarua.

Vibarua wa kwanza wa chai, Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Waluhya na wengineo, waliingia katika umande wa alfajiri bila viatu. Wakati huo huo, katika nyumba za mabwana, mtumishi aliyeitwa "boi", hata akiwa na mvi kichwani, aliamka mapema akazipanga buti za bwana wake barazani, akazing'arisha moja moja, naye mwenyewe amesimama juu ya saruji ya baridi kwa nyayo tupu. Sidhani kama kuna mfano ulio wazi zaidi wa maana ya ukoloni: mkono ujuao kung'arisha kiatu, na mguu usio na kiatu cha kung'arishwa, na vyote viwili ni vya mtu mmoja.

Hali ya askari ilifanana na hiyo. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na kwa miaka mingi askari wake wa Kiafrika walipiga gwaride na kwenda vitani miguu mitupu, hali maofisa wao Wazungu wamevaa buti. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi, wale ambao jina lao limebaki katika mitaa iitwayo Kariakoo, walitembea mamia ya maili bila viatu, na maelfu kwa maelfu walikufa njiani. Ni katika Vita Kuu ya Pili ndipo askari wetu waliopelekwa Burma walipovaa buti kama askari wengine. Waliporudi makwao baada ya mwaka 1945, walirudi na mazoea mapya, nayo ni kumiliki buti, brashi na kopo la rangi, na kujing'arishia wenyewe.

Kopo hilo nalo lina hadithi yake. Mwaka 1906, William Ramsay, mtu wa asili ya Scotland aliyekaa mjini Melbourne, Australia, alianza kuuza na mwenzake rangi ya viatu iliyohifadhi ngozi na kutoa mng'ao wa haraka. Mke wake alizaliwa New Zealand, basi kwa heshima yake akaiita rangi ile Kiwi, jina la ndege asiyeruka apatikanaye nchi hiyo. Vita Kuu ya Kwanza viliisambaza, kwa kuwa kila askari alitakiwa kuonyesha buti safi mbele ya ofisa wake. Kwetu jina la ndege huyo limekuwa jina la kitu chenyewe, hata mtu husema "nimepiga kiatu kiwi" bila kujali kopo limeandikwa nini. Uzuri wa kopo hilo ulikuwa katika bei yake ndogo na wepesi wa kulitumia. Mtu wa kawaida, akiwa na kitambaa na dakika tano, aliweza kujipatia mng'ao ambao zamani ulihitaji mtumishi.

Lakini kopo la rangi halina maana bila kiatu, na kiatu kilikuwa ghali. Hapa tunafika kwa mashine iliyoibadili dunia kweli kweli, na kwa mtu ambaye kila mwanafunzi wa Kiafrika apaswa kulijua jina lake. Jan Ernst Matzeliger alizaliwa mwaka 1852 huko Suriname, koloni la Uholanzi katika Amerika ya Kusini. Baba yake alikuwa mhandisi Mholanzi, na mama yake alikuwa mwanamke mweusi wa asili ya Kiafrika. Akiwa kijana alifanya kazi melini, kisha akafika Lynn, mji wa viwanda vya viatu katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Wakati ule mashine zilikwisha kushona sehemu nyingi za kiatu, ila kazi moja ilizishinda. Kazi hiyo ilikuwa kuvuta ngozi ya juu ikae sawasawa juu ya kalibu ya mguu na kuishikiza chini kabla ya kutiwa soli. Fundi hodari aliweza kumaliza jozi 50 hivi kwa siku, na mafundi hao walijua kuwa hakuna awezaye kuwafukuza.

Matzeliger alifanya kazi kiwandani mchana, na usiku akachora na kuunda mifano kwa vipande vya mbao, nyaya na masanduku ya sigara. Mwaka 1883 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Mashine yake iliweza kutengeneza jozi 150 hadi 700 kwa siku. Bei ya viatu ilishuka sana, na watu maskini waliokuwa wakitembea pekupeku wakavaa viatu. Walakini yeye mwenyewe hakuonja utajiri mkubwa uliotokana na kazi yake. Alikuwa ameuza sehemu kubwa ya haki zake ili apate fedha za kuendeleza majaribio, na mwaka 1889 kifua kikuu kilimwua akiwa na miaka 36. Mafundi wa mkono nao walipoteza nguvu waliyokuwa nayo. Basi mashine moja ilimnufaisha mnunuzi, ilimtajirisha mwenye mtaji, ilimwacha fundi, na haikumlipa vya kutosha aliyeibuni.

Habari hazikuishia Lynn. Mwaka 1904, mfanyabiashara kijana aitwaye Tomáš Baťa, aliyeanzisha karakana ya viatu pamoja na ndugu zake mwaka 1894 huko Zlín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, alisafiri mpaka mji huo huo wa Lynn. Hakwenda kama mgeni wa heshima. Alifanya kazi kiwandani ili aone kwa macho yake jinsi mashine zinavyopangwa. Aliyojifunza aliyarudisha kwao, na kampuni yake ikaenea duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Bata ilikuwa imekwisha fika Kenya, na kiwanda chake cha Limuru ndicho kilichowavika viatu watoto wa shule wa vizazi kadhaa. Kwa hiyo, ukivaa kiatu cheusi cha shule katika darasa la Kericho au Bomet, njia ya kiatu hicho imepita Limuru, ikapita Zlín, ikapita Lynn, na imegusa akili ya mtu mweusi aliyekuwa akichora usiku kwa taa.

Sasa nirudi kwenye ahadi yangu: je, mashine ya kung'arisha viatu iliushinda mkono? Haikuushinda. Mashine za umeme za kazi hiyo zimekaa katika viwanda, na nyingine katika hoteli na maofisi makubwa. Lakini ukishuka katika steji ya Kericho au ya Bomet, utamkuta mng'arisha viatu na sanduku lake, kiti cha mteja, makopo, vitambaa na brashi zake mbili, moja ya kupakia na moja ya kusugulia. Sababu si ushamba, wala si kukosa maarifa. Kwanza, kiatu kina mikunjo na pembe, na mkono huzifuata pembe hizo kuliko gurudumu. Pili, mteja yumo ndani ya kiatu chake, ameketi akisoma gazeti, wala hataki kukivua. Tatu, mashine ya kuzungushwa kwa mkono haiukomboi mkono. Yaubadilishia kazi tu, kutoka kusugua hadi kuzungusha, nayo ni nzito kuibeba na ghali kuinunua kuliko brashi. Nne, na hii ndiyo kubwa, mng'arisha viatu ndiye mwenye vyombo vyake. Hakuna bwana juu yake awezaye kumwambia, "Kuanzia kesho nitatumia mashine, nenda zako." Akiona mashine inamfaa ataileta mwenyewe, na muda atakaouokoa utakuwa wake.

Inua macho sasa uyatazame mashamba yanayouzunguka mji huo. Kwa karibu miaka 100 chai ya mashamba makubwa ilichumwa kwa vidole. Mchumaji, kikapu mgongoni, gambuti miguuni na vazi la kuzuia umande kiunoni, huchagua majani mawili na chipukizi, akayatupa nyuma begani, na jioni hupimiwa kilo zake na kulipwa kwa kadiri hiyo. Katika miaka ya 2000 kampuni zilianza kuleta mashine za kuchumia. Moja ya hizo hushikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa safu ya michai na mwenzake upande wa pili. Injini ndogo ya petroli huendesha visu vyake, na upepo huyapuliza majani yaingie katika mfuko wa nyuma. Nyingine ni kubwa zaidi na hujiendesha.

Mwaka 2010 chama cha wafanyakazi kiliitisha mgomo kuzipinga mashine hizo. Mwezi wa Mei 2023 hasira ililipuka, na mashine kadhaa zikachomwa moto katika mashamba ya Kericho. Ilielezwa wakati huo kuwa baadhi ya mashine zaweza kushika nafasi ya watu 100. Na mjumbe mmoja wa kamati iliyolichunguza jambo hilo alisema kwamba katika kaunti ya Kericho peke yake ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika muda wa miaka 10. Fikiri, msomaji, juu ya hesabu hiyo. Si hesabu ya vidole tu, bali ni ya nyumba za kambi zilizohamwa, karo zilizokosa kulipwa, na maduka madogo ambayo wateja wake wametoweka. Tena wengi wa wachumaji hao ni wanawake.

Kuchoma mashine si jambo jipya. Kati ya miaka 1811 na 1816 wafumaji wa Uingereza walivunja mashine za viwanda kwa nyundo, na serikali yao ikawapelekea askari na kitanzi. Mashine hazikurudi nyuma. Kwa hiyo sikushauri uamini kwamba moto utaurudisha mkono kazini. Lakini pia sikushauri umdharau mchumaji na kumwita adui wa maendeleo. Kampuni husema kwamba gharama za kazi zimepanda na kwamba nchi nyingine zinauza chai kwa bei nafuu, na maneno hayo yana uzito wake. Mchumaji naye husema kwamba amelitumikia shamba hilo tangu ujana, tena juu ya ardhi ambayo babu zake hawakuiuza, na sasa mashine imekuja bila yeye kuulizwa. Maneno hayo nayo yana uzito, na historia niliyokusimulia inayashuhudia.

Tazama pia mfano wa tatu, ulio katikati ya hii miwili. Chini ya ukoloni Waafrika walizuiwa kulima chai kwa biashara, mpaka miaka ya 1950 mlango ulipoanza kufunguliwa. Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru iliunda shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, na leo wakulima wadogo, wakiwamo maelfu wa Kericho na Bomet, ndio wanaotoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Mkulima wa namna hiyo akinunua mashine ndogo ya kuchumia, labda pamoja na majirani zake, hafukuzwi na mtu. Siku aliyoiokoa ataitumia kukamua ng'ombe, au kupalilia mahindi, au kupumzika. Hata yeye ana shida zake, maana akiwa na kibarua wake, kibarua huyo ataulizia riziki yake. Na jani lililokatwa ovyo huharibu chai. Lakini uamuzi uko nyumbani kwake, nao hufanywa na mtu ambaye ataishi na matokeo yake.

Mashine ni ile ile, na visu ni vile vile. Shambani mwa kampuni imemwondoa mtu kazini. Shambani mwa mkulima imempunguzia kazi. Tofauti haimo katika chuma. Imo katika jambo ambalo hakuna mhandisi awezaye kulichora: ni nani mwenye mashine, na ni nani aliyeketi barazani siku ilipoamuliwa iletwe.

Wewe unayesoma haya utamaliza shule, na huenda ukawa mhandisi utakayebuni mashine, au meneja utakayeinunua, au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au diwani utakayeombwa kutunga sheria juu yake. Usikae kwenye kiti hicho kabla ya kujifunza hesabu ya magurudumu yenye meno, kwa maana asiyeijua mashine hutawaliwa na aijuaye. Lakini usiishie kwenye magurudumu. Ukionyeshwa mashine mpya, uliza itafanya kazi ya watu wangapi, watu hao watakwenda wapi, fedha itakayookolewa itaingia mfuko wa nani, na kama wachumaji wenyewe wamekwisha kuulizwa. Uliza kwa heshima, uliza mapema, na uliza kabla mkataba haujatiwa sahihi, kwani mashine ikiisha kushuka kwenye lori, wanaobaki na sauti ni wale tu walioshika mpini.